Mgonjwa wa Ini Asile Nini?

Ndugu wakishaambiwa na daktari kwamba ini la mtu wao limeharibika, swali wanaloniletea ni lile lile: asile nini? Ni nadra mtu kuuliza ale nini. Wanakuja na karatasi, wengine wanawasha simu warekodi, na mara nyingi nusu ya orodha wameshaikusanya wenyewe kabla hawajanifikia. Jirani amekataza mayai. Shangazi amekataza nyama na samaki. Kijana wa duka la dawa amekataza maharage kwa kuwa yanajaza gesi, na binamu aliyeko Dar es Salaam ametuma ujumbe kwamba mafuta yote ni sumu, hata karanga. Nikifika kitandani namkuta mgonjwa amebakiwa na uji mweupe wa sembe, chai ya rangi na viazi vya kuchemsha.

Mimi ni mtaalamu wa lishe katika hospitali ya rufaa hapa Mwanza. Muda wangu mwingi niko kwa wagonjwa wa tumbo na ini, ambao huniita dada wa chakula kwa sababu cheo changu ni kirefu na hakuna anayekishika. Watu hudhani kazi yenyewe ni ya kukataza. Kumbe siku yangu huishia katika kurudisha kwenye sahani vitu vilivyoondolewa na watu wenye nia njema kabisa. Mgonjwa anayenitisha kuliko wote ni yule ambaye familia yake inampenda sana na imeshika kila mwiko iliousikia.

Kanda ya Ziwa ina sababu zake za kuumwa ini. Kuna kichocho cha tumbo, kinacholetwa na minyoo wanaoitwa Schistosoma mansoni. Viluwiluwi vyao hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani kuvua, kufua, kuchota maji au kuogelea tu. Mayai ya minyoo yakinasa kwenye ini mwaka hadi mwaka, makovu hujijenga kuzunguka mishipa inayoleta damu kutoka utumbo. Damu ikikosa pa kupita inarudi nyuma, bandama linavimba, na mishipa ya umio inatuna mpaka siku moja mtu anatapika damu beseni zima. Kuna virusi vya homa ya ini aina ya B. Kuna gongo. Na siku hizi naletewa watu wa mjini wenye kisukari na vitambi ambao ini lao limejaa mafuta, na hao ndio peke yao ninaowaomba wapungue.

Kwenye midomo ya watu yote hayo ni "ugonjwa wa ini", na hapo ndipo ushauri wa jirani unapoanza kuumiza. Aliyetapika damu kwa kichocho mara nyingi ini lake bado linafanya kazi yake vizuri. Shida iko kwenye njia ya damu. Akishafungwa ile mishipa kwa vipira kupitia kamera, anakula vitu laini siku chache, uji, viazi vya kupondwa, samaki aliyetolewa miiba, kisha anarudi kwenye ugali wake, tena akihitaji chakula chenye madini ya chuma kufidia damu iliyomwagika. Mwenye sirosisi ni habari nyingine. Ini lenyewe limesinyaa na kuwa gumu, na mwili mzima unalipa deni lake.

Wake za wavuvi huniuliza kwa sauti ya chini kama ni samaki wa ziwani waliomletea mume kichocho. Hapana. Kichocho hakiliwi, kinaingia kwa ngozi. Sato, sangara na dagaa waliopikwa hawana hatia, na ningependa mgonjwa aendelee kuwala. Dawa yake, prazikwanteli, nayo inywewe mtu akiwa ameshakula. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu, na dawa hufyonzwa vizuri zaidi ikikuta chakula.

Nimkumbuke mvuvi mmoja wa dagaa kutoka upande wa Ukerewe, mwenye sirosisi ya homa ya ini B. Mkewe alinipokea kwa furaha kwamba mume ameanza kunenepa. Kwenye faili pia ilionekana hivyo: kilo zimepanda toka alipopimwa mara ya mwisho. Nikamwomba mgonjwa akae, nikamzungushia utepe katikati ya mkono wa juu, nikatazama mabega na mashavu. Tumbo lilikuwa limejaa maji, na lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mzani. Nyama ya mikononi na mapajani ilikuwa imekwisha. Nikampa mkono, nikamwambia anibane kwa nguvu zake zote, yeye aliyezoea kuvuta nyavu usiku kucha. Alinibana kama mtoto. Tangu zamani siamini mzani kwa mgonjwa mwenye maji tumboni, na wanafunzi wanaopita kwangu nawafundisha waanze na mkono kabla ya kusoma namba yoyote.

"Anakula nini, dada?" nikamuuliza mke.

"Uji. Wamesema nyama inachosha ini."

"Usiku je?"

"Usiku hali kitu. Wamesema alale na tumbo jepesi."

Hilo la usiku ndilo ninalopigana nalo kuliko yote. Ini lenye afya ni ghala: mchana linaweka akiba ya sukari, usiku ukiwa umelala linaitoa kidogo kidogo ili ubongo na moyo visikose. Ini lenye sirosisi halina pa kuweka akiba. Mtu akilala njaa, baada ya saa chache mwili unaanza kuvunja nyama yake wenyewe kutengeneza sukari. Watafiti waliolinganisha walikuta kwamba usiku mmoja wa kufunga kwa mgonjwa wa sirosisi unamfikisha pale ambapo mtu mwenye afya anafika baada ya siku mbili au tatu bila kula. Sasa fikiria wodi. Ndugu wanaleta chakula cha jioni kwenye hotipoti saa kumi na moja, wanaondoka muda wa kuona wagonjwa ukiisha, na chai inakuja saa moja asubuhi. Saa kumi na nne. Kila siku mgonjwa anakula misuli yake kitandani, na hakuna aliyemkosea.

Mwongozo wa Ulaya wa lishe kwa magonjwa ya ini wa mwaka 2019 unataka pengo la usiku lifupishwe, na mgonjwa apate kitu kabla ya kulala. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2008 uliwapa wagonjwa wa sirosisi kinywaji cha lishe kwa mwaka mzima, wengine mchana, wengine usiku. Kiasi kilikuwa sawa. Waliokunywa usiku walijenga nyama mwilini; wa mchana hawakujenga. Mimi sina vinywaji vile vya makopo vya kumpa kila mtu, na familia nyingi haziwezi kuvinunua. Lakini Usukumani hatujakosa chakula cha saa nne usiku. Uji wa ulezi wenye maziwa unaokaa kwenye chupa ya chai hadi usiku. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na karanga za kuchemsha. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, iliyopikwa na karanga za kusaga. Maziwa mgando na kiazi. Mke wa yule mvuvi alichagua matobolwa, akayafunga kwenye kitambaa safi na kuyaacha kwenye kabati dogo la kitandani, na muuguzi wa zamu ya usiku akakubali kumwamsha mgonjwa ale. Wauguzi wa usiku ndio wamebeba nusu ya kazi yangu, wala hakuna anayewataja.

Suala la pili ni protini, na hapa makosa yaliwahi kuwa hata kwenye vitabu. Mgonjwa wa sirosisi anaweza kuchanganyikiwa: anageuza usiku kuwa mchana, anasahau majina ya wanawe, mikono inatetemeka akiinyoosha. Sehemu ya sababu ni amonia, ambayo ini halikuisafisha. Kwa kuwa amonia hutokana na protini, kwa miaka mingi ilishauriwa mgonjwa anyimwe nyama, samaki, maharage, kila kitu. Utafiti wa Barcelona wa mwaka 2004 ulilinganisha waliopunguziwa protini na waliopewa kawaida, na kunyimwa hakukumsaidia mtu. Waliopunguziwa walizidi kuvunja protini ya miili yao. Misuli nayo husafisha amonia. Ukimnyima mtu chakula cha kujenga misuli, unamwondolea kiungo cha akiba kilichokuwa kinalisaidia ini.

Wazee wa Kisukuma nawaamkia kwa Kisukuma, hata kama changu ni cha kuokoteza. Mbali na heshima, jibu linanionyesha akili ilivyo asubuhi hiyo. Mzee mmoja wa Magu, ambaye siku zote alinijibu kwa salamu ndefu ya kuulizia hadi ng'ombe nisio nao, asubuhi moja nilimwambia "Mwangaluka, baba" akanitazama tu. Mwanawe akasema mara moja: ni wale sato wa jana, mimi niliwaambia. Nikamuuliza mzee amepata choo lini. Siku ya nne hajapata, na dawa ya kulainisha choo, laktulosi, aliiacha kwa sababu ni tamu mno na inamkimbiza chooni. Daktari akatafuta pia kama kuna maambukizi au damu inayovuja tumboni, maana hivyo navyo huchanganya akili. Dawa ikarudi, na lengo ni choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Siku mbili baadaye mzee aliniambia, "Mwanangu, umeniletea njaa hapa." Samaki hatukumwondolea.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, uzito wa mtu bila yale maji. Mwenye kilo 50 anahitaji kati ya gramu 60 na 75 kwa siku. Mayai mawili ni kama gramu 12, vikombe viwili vya maziwa 16, kipande cha sato cha ukubwa wa kiganja karibu 20, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Tayari. Anayechanganyikiwa mara kwa mara ninamwegemeza zaidi kwenye maziwa, choroko, dengu na maharage, kwa sababu protini ya maziwa na ya mimea humsumbua kidogo kuliko ya nyama nyekundu, na nyuzinyuzi za mimea zinasaidia choo. Asiye na uwezo wa sato namtuma kwenye dagaa, ambao wakikauka zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, au kwenye mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani. Najua wapo wanaoona aibu kula mapanki kwa kuwa minofu imeshakwenda Ulaya. Mchuzi wa mapanki uliopikwa vizuri na nyama iliyobaki kwenye mifupa na kichwa hauna aibu yoyote.

Sasa chumvi. Katika miiko yote, hii kwa mwenye maji tumboni ni ya kweli, pamoja na pombe, na ndiyo inayopotea katikati ya miiko ya uongo. Mtu aliyekatazwa vitu ishirini hashiki hata kimoja. Gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, humo humo ikihesabiwa ile iliyojificha. Na ya kujificha ndiyo nyingi. Mama mmoja wa Sengerema aliniapia kwamba chumvi haigusi, na alisema kweli. Tukaanza kupitia chungu chake. Mlenda ulikuwa na magadi. Maharage yalikuwa na magadi ili yaive haraka. Mchuzi ulikuwa na vile vipande vya kiungo vya dukani. Asubuhi mkate. Jumapili kayabo, sangara wa kukaushwa kwa chumvi, ambaye hata ukimloweka usiku kucha bado anakausha ulimi. Na mwenyewe alikuwa anatumia vidonge vya maumivu vinavyoyeyuka kwa povu kwenye maji. Magadi, kiungo na povu lile vyote vina sodiamu, ndiyo inayoshika maji mwilini. Maji yalikuwa yanatolewa tumboni kwa sindano na wiki mbili baadaye yamerudi, watu wakidhani karogwa.

Ila siko na wale wanaopika bila chumvi kabisa mpaka mgonjwa asukume sahani. Chakula kisicholiwa hakina lishe hata kikiwa sahihi kwenye karatasi. Nikilazimika kuchagua, nachagua ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya nyingi, na punje za chumvi juu ya chakula mezani ambapo ulimi unazikuta, kuliko chumvi iliyozama chunguni.

Kwa hiyo nimejifunza kumtafuta anayepika. Mgonjwa wa kiume anaweza kunisikiliza nusu saa, akaitikia kila kitu, kumbe hajui unga wa nyumbani kwake unasagwa wapi. Siku hizi kabla ya kuruhusiwa nauliza nani anashika mwiko, kisha tunampigia na kuweka simu sauti ya wazi. Mara nyingi ni mama mkwe wa mtu. Huyo huwezi kumpa amri. Unamwamkia, unauliza hali ya nyumbani, unamwachia aseme anapika nini, ndipo mnakubaliana. Mmoja alinikatisha: "Wewe mwanangu unataka nipike vyungu viwili? Kuni nazitoa wapi?" Alikuwa sahihi. Tulikubaliana chungu kiwe kimoja, cha mgonjwa kipakuliwe kwanza, wengine wajitilie chumvi baadaye. Ushauri unaohitaji chungu cha pili unakufa kabla mgonjwa hajavuka kwenda kwao.

Karanga zinanipa shida ya peke yake. Ninazishauri kila siku, na hapo hapo karanga na mahindi ndivyo vinavyobeba sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota nafaka ikivunwa au kutunzwa na unyevu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua ini ghafla na wengine wakafa kwa sumu hiyo. Kwa kiwango kidogo cha kila siku haiui ghafla, ila kwa mtu mwenye homa ya ini B inaongeza sana hatari ya saratani ya ini. Kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo ninaposema karanga, nasema pia zichaguliwe kwa mkono: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyooza au chungu itupwe, isisagwe, isipelekwe kwenye pombe. Karanga za kusaga zilizo tayari sokoni sizishauri kwa mgonjwa wa ini, kwa sababu ikishasagwa huwezi kujua nini kimeingia humo. Wauzaji wengine ni marafiki zangu na hawapendi kunisikia.

Kuna mengine nitayapita haraka. Juisi za "kusafisha ini" zinazouzwa kwa chupa: ini halisafishwi kwa juisi, na mitishamba mingine imeleta watu kwetu wakiwa na manjano hadi kwenye kucha. Na aliyekaa wiki kadhaa bila kula asirundikiwe chakula siku ya kwanza. Fosfeti na potasiamu kwenye damu vinaweza kushuka ghafla na moyo ukayumba. Tunaanza kidogo, tunampa vitamini B1 kwanza, tunapima damu, ndipo tunapanda.

Wengi wanaofika kwetu wamechelewa. Saratani ya ini ikishaenea, mayai mawili na uji wa saa nne usiku havitabadilisha mwisho, na sipendi kumdanganya mtu kwa chakula. Wakati huo kazi yangu inakuwa kufuta hata mwiko wangu mwenyewe. Fundi mmoja wa mitumbwi wa Igombe, daktari alipokwisha kukaa na familia na kueleza kila kitu, aliniita akasema anatamani kayabo. Kwa miezi nilikuwa nimemkatalia. Nikatoka kwenda kwa mkewe aliyekuwa kwenye benchi la nje, nikamwambia ampikie.

"Dada, si ulisema ana chumvi?"

"Ana chumvi. Mpikie."

Akafikiri kidogo, akauliza kama amloweke kwanza walau usiku mmoja. Nikamwambia hilo akamuulize mwenyewe. Akaingia wodini, akarudi akicheka na kufuta macho kwa khanga: amesema asilowekwe, na aletewe na ndimu.